Ngoma ya Waya Huko Kitengela

Siku chache baada ya Idi Kubwa iliyopita nilipanda basi la usiku kutoka Mombasa, nikiwa na mkebe wa halua, sweta la kuazima na wasiwasi. Wasiwasi wenyewe ulikuwa wa ngoma. Mpwa wangu wa kike alikuwa aolewe Kajiado, huko huko alikoajiriwa, na wapigaji wa Mombasa ambao tulikwisha kuwapa neno walituletea hesabu ya nauli, malazi na posho iliyomfanya dada yangu akae kitako. Katika mashauriano ya simu, mwanawe wa kiume, ambaye yuko Kitengela na kazi yake ni kutengeneza redio, televisheni na simu za mkono, akasema: "Mama, ngoma niachie mimi. Naiunda."

Dada yangu alidhani kijana atawamba ngozi. Nami nilidhani hivyo hivyo.

Ndugu msomaji, huenda Kitengela umeipita tu ukielekea Namanga. Zamani ilikuwa nyika ya malisho, na wakati wa mvua nyumbu na punda milia walitoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi wakatapakaa humo. Leo ni mji wa maghorofa, maploti, misikiti, makanisa na matatu zinazopiga honi tangu alfajiri. Uko katika Kaunti ya Kajiado, lakini watu wake wengi huamkia kazini Nairobi na Athi River. Vumbi lake jekundu na baridi yake mtu wa pwani havizoei. Nilishuka nikitetemeka, nikaongozwa hadi duka la mabati lililojaa maiti za redio, na humo nikamkuta kijana ameinama, moshi wa lehemu unampanda usoni.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Ngoma iko wapi?"

"Hii hapa," akasema, akanisukumia ubao wenye matundu, upana wake kama sahani ya wali wa mtu mmoja, waya zimetoka kila upande kama matumbo ya samaki aliyepasuliwa vibaya.

Sitaficha kwamba nilivunjika moyo. Babake kijana huyu, shemeji yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mpigaji wa chapuo na dumbaki ambaye watu walimfuata kutoka mtaa hadi mtaa. Alifariki mtoto ana miaka tisa. Mkono wake ulibaki katika utepe mmoja tu wa kaseti, uliorekodiwa arusini, na utepe huo uliazimwa na mtu ambaye simtaji, haukurudi. Basi kijana hakuwa na kitu cha kuiga isipokuwa kile alichokumbuka akiwa amekaa pajani mwa baba yake, kishindo kikimpanda mgongoni. Hicho ndicho alichotaka kukitia katika waya, na hilo hakumwambia mama yake. Aliniambia mimi.

Kitu chenyewe mafundi wa muziki wa elektroniki hukiita sikwensa. Mimi nimejaribu kukipa jina la mpanga-mapigo. Atakaye na alichukue. Kazi yake si kulia. Kazi yake ni kukumbuka zamu: sasa lia wewe, sasa wewe, sasa nyamaza, na ikifika mwisho inarudi mwanzo. Nilipoelezwa mara ya kwanza sikufahamu. Mara ya pili nikakumbuka chuo chetu cha Kurani. Mwalimu alikuwa akituketisha mkekani kwa safu, kila mmoja na aya yake. Bakora ikigonga sakafu, wa kwanza anasoma. Ikigonga tena, wa pili. Hata wa mwisho akisha, zamu inarudi kwa wa kwanza, bila ya mtu kuitwa jina. Sikwensa ni chuo hicho, ila wanafunzi wake ni vitaa vyekundu.

Bakora ni chipu ndogo yenye miguu minane iitwayo 555. Aliibuni Hans Camenzind mwaka 1971, na kampuni ya Signetics ikaanza kuiuza mwaka 1972. Tangu hapo haijaacha kutengenezwa, na katika maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, ni katika vitu rahisi kabisa unavyoweza kununua. Kando yake pana kapasita, ambayo ni mtungi wa umeme. Umeme huingia mtungini kidogo kidogo kupitia resista. Ukifika theluthi mbili za nguvu ya betri, 555 inaufungulia umwagike. Ukishuka hadi theluthi moja, inaufunga ujae tena. Kila mzunguko wa kujaa na kumwagika ni gongo moja la bakora. Ukigeuza kirungu, kama kile cha sauti ya redio, mtungi unajaa upesi zaidi au polepole zaidi, na mwendo wa ngoma unabadilika.

Mgawa zamu ni chipu ya pili, 4017. Hii ina matokeo kumi, na kila bakora ikigonga, umeme huhama kutoka tokeo moja kwenda la pili yake. Nilihesabu miguu yake nikakuta ni kumi na sita. Nikacheka peke yangu. Mpwa wangu akauliza kulikoni, nikamwambia kwamba mshororo wa shairi tangu enzi za Muyaka bin Haji una mizani kumi na sita, nane za ukwapi na nane za utao, na kwamba nimekwenda mbali na kwetu nikakuta kitu chenye miguu ya kwetu. Akanitazama kwa huruma. Kisha akaniambia kwamba mashine ya ngoma ya Kijapani iitwayo TR-808, ambayo kampuni ya Roland iliitoa mwaka 1980, nayo ina vidude kumi na sita vya kubonyeza, kimoja kwa kila hatua. Hapo mimi ndiye niliyemtazama.

Kila hatua aliiwekea swichi ya njia tatu. Ukiisukuma juu, sauti ni "tak". Ukiisukuma chini, ni "dum". Ikikaa katikati, ni kimya. Sauti zenyewe zinatoka katika saketi mbili, kila moja ya transista moja pamoja na resista na kapasita chache, zilizopangwa hivi kwamba zikigutushwa na umeme hulia mara moja na kufifia, mithili ya ngozi iliyogongwa kwa kidole. Kapasita kubwa hutoa sauti nene, ndogo hutoa nyembamba. Si chapuo, ndugu msomaji, nisikudanganye. Lakini ukifumba macho hutasema ni jiwe.

Chini ya swichi alikwisha kuanza safu ya pili, ya virungu, kwa ajili ya sauti za kupanda na kushuka. Hii nilitaka kuipita, kumbe ndiyo iliyonifurahisha. Vinanda vya dukani vimeigawa okteva mafungu kumi na mawili, na mtu akitaka kupiga maqamu ya Rasti hukwama, kwani sauti yake ya tatu haimo katika vibao vyeupe wala vyeusi, imo katikati. Marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefariki mwaka 2016, aliipata kwa ud, kwa sababu shingo ya ud haina vipingo na kidole hukaa pale sikio linapotaka. Kirungu nacho hakina vipingo. Nilimwambia kijana ageuze kidogo, kidogo tena, rudi; ikakaa. Vinanda vya umeme vimo katika taarabu yetu tangu miaka mingi, na waimbaji wetu wamejifunza kupindisha koo zao ili wavifuate. Hapa mashine ndiyo iliyomfuata mtu.

Wako watakaosema haya ni mambo ya Wazungu na Wajapani. Ingefaa waulizwe neno "hila" tumelipata wapi. Katika karne ya tisa, mjini Baghdad, ndugu watatu watoto wa Musa, yaani Banu Musa, waliandika Kitab al-Hiyal, Kitabu cha Hila, na hila hapo si ulaghai bali ni ubunifu wa vyombo. Katika maandishi yao mengine walieleza filimbi inayojipiga yenyewe kwa nguvu ya maji, na vidude vilivyopachikwa katika gogo linalozunguka ndivyo vilivyofungua na kufunga matundu yake. Kisha al-Jazari, aliyemaliza kitabu chake mwaka 1206 katika nchi ya Diyarbakir, alichora jahazi lenye sanamu za wapigaji wanne. Gogo lilipozunguka, vijiti vyake viligusa mitaimbo, nayo mitaimbo ikainua mikono ya wapiga ngoma. Hamisha kijiti, pigo limehama. Swichi za mpwa wangu ni vijiti hivyo, na mtungi wake wa umeme ni mtungi wa maji wa Banu Musa. Wamarekani Robert Moog na Don Buchla waliunda sikwensa zao za umeme katika miaka ya 1960, na sifa yao wanastahiki; lakini safari ilianza zamani, na mahali tunapopafahamu.

Wala kijana huyu si peke yake hapa kwetu. Iko Nairobi asasi iitwayo Santuri inayofundisha vijana muziki wa elektroniki. Yuko pia kijana wa Nairobi, Joseph Kamaru, anayejulikana ulimwenguni kwa jina la KMRU, ambaye hufanya muziki kwa sauti alizozikusanya mitaani na porini, na huku anazitoa upya nyimbo za babu yake na somo yake, Joseph Kamaru, yule mwimbaji mashuhuri wa Kikuyu aliyefariki mwaka 2018. Mpwa wangu alinitajia jambo hilo mara mbili, nikajua kwa nini.

Tuirudie ngoma. Jioni ya kwanza alipanga swichi zake, akawasha. Vitaa vikakimbizana, dum, tak, kimya, tak, na kijana akanikodolea macho. Nilisikiza mara nne tano, nikamwambia, "Mwanangu, hii nzuri, lakini si chakacha."

"Mbona mapigo ni yale yale, mjomba?"

"Una hatua ngapi hapo?"

"Nane."

Nikapiga meza kwa mikono miwili. Chakacha ni sita. Na sita hiyo mkono mmoja huigawa mafungu mawili ya tatu tatu, na mkono wa pili huigawa mafungu matatu ya mbili mbili, ndiyo maana mguu wa mchezaji huwa huku na kiuno kuko kule na mtu haanguki. Katika nane huwezi kuyapata hayo hata ungeipiga mpaka kesho. Kijana alinyamaza kitambo, halafu akafanya jambo ambalo nilitarajia lichukue siku nzima: akang'oa waya mmoja. Waya huo ulitoka mguu wa 9 wa ile 4017 kwenda mguu wa 15, ambao ndio wa kuirudisha hesabu mwanzo. Akauhamishia mguu wa 5. Kuanzia hapo chipu ilipofika hatua ya saba ilijikuta imerudi ya kwanza. Zikawa sita.

Tulipowasha tena tulishangilia kama watoto. Barazani alikuwa ameketi mzee mmoja wa Kimasai akingojea redio yake. Wamasai katika nyimbo zao hawana haja ya ngoma. Mwimbishaji wao, olaranyani, hutoa maneno na kundi humwitikia kwa sauti nzito za kooni, pumzi kwa pumzi, na humo ndimo mapigo yalimo. Mzee akainamisha kichwa, akaunguruma kidogo pamoja na mashine, kisha akaacha.

"Hiki kitu chako hakivuti pumzi," akamwambia kijana, akachukua redio yake akalipa.

Maneno hayo tuliyachukulia mzaha. Adhana ya magharibi ikalia, kijana akazima, tukaenda kutawadha.

Siku ya pili tulisafiri Kajiado, tukipitia Isinya. Njia nzima kijana aliweka ubao mapajani kama mama na mtoto mchanga. Mji wa Kajiado ni mkavu na mpana, uko katika tawi la reli iendayo Ziwa Magadi kuchukua magadi, na upepo wake unafika mfupani. Dada yangu alikwisha kufika na wanawake wenziwe wa Mombasa. Tulimkuta jikoni amekaa juu ya mkeka anachagua mchele katika sinia.

"Haya, nisikizishe hiyo ngoma yako."

Kijana akawasha. Dada akaendelea kuchagua mchele. Dum, tak, tak. Alichagua, alitupa chuya, alichagua. Kisha mkono wake ukasimama.

"Umejaribu kupiga ya babako," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Siyo. Yaenda kama saa ya ukutani."

Kijana akaniangalia mimi, nami sikuwa na la kusema. Dada akausukuma mchele upande mmoja, akapiga ukingo wa sinia kwa vidole, polepole, mara moja, mara mbili, mara tatu. Tulisikia sote. Pigo la sita lilikuja likiwa limechelewa, chembe tu, hata ungesema limesahauliwa, halafu likaangukia mahali pake.

"Alikuwa akipiga nyuma ya pazia," akasema dada. "Hatuoni. Basi hilo la mwisho alikuwa akilingoja. Asikie kwanza miguu yetu imekanyaga, ndipo apige. Hakuwa akituvuta. Alikuwa akitungoja."

Mimi nimekaa na shemeji yangu miaka kumi na mitano, nimemtungia nyimbo akazipigia, na jambo hilo sikuwa nikilijua. Mtoto wake ndiyo kabisa.

Umeme ulikuwa umekatika tangu adhuhuri. Kijana akatoa kipande chake cha shaba chenye mpini wa mti, akakitumbukiza katika makaa ya jiko la mama yake, vile mafundi redio wa zamani walivyokuwa wakifanya. Akanieleza huku akifanya. Bakora ile ya 555 ina mguu wa tano ambao ukiutia umeme zaidi, mtungi hulazimika kujaa hadi juu zaidi kabla ya kumwagika, na gongo lifuatalo huchelewa. Kwa hiyo ikiwa hatua ya tano ndiyo yenye zamu, na waya ukatoka kwake kwenda mguu huo, hatua ya tano itarefuka na pigo la sita litangoja. Njiani akaweka daiodi ili umeme upite upande mmoja tu, la sivyo hatua nyingine zote zingeharakishwa. Na baada ya daiodi, resista, ambayo ndiyo itakayoamua kungoja kwenyewe kuwe kwa kiasi gani.

Resista ya kwanza ilikuwa ya kilo-omu 47. Dada akatikisa kichwa. Akaweka ya 22. "Yaanza," akasema. Akaitoa, akaweka ya 10, mkono wake ukimtetemeka, sijui ni kwa baridi au kwa nini, akawasha.

Dada yangu alisikiza labda mizunguko kumi. Kisha akainuka, akajifunga leso yake vizuri, akatoka uani. Hakusema kitu. Mchele ulibaki vile vile katika sinia, na mimi na kijana tukakaa tukiutazama, mashine inapiga.

Baadaye alirudi, akauliza kama kitu hicho kitaletwa mbele ya wageni kikiwa uchi namna ile. Ukawa mjadala wa kasha. Mkebe wa halua niliouleta ulikuwa wa kadiri yake hasa, ila ulikuwa na halua, na hilo watoto walilimaliza kwa muda mfupi kuliko kazi ya kulehemu. Kijana akautandika kadibodi ndani ili waya zisigusane na bati, akatoboa matundu ya swichi kwa msumari.

Usiku wa arusi wanawake walikuwa ndani ya turubai na sisi nje, kama ipasavyo. Mpwa wangu hakuweza kuingia kuiendesha mashine yake; alimfundisha shoga mmoja wa bibi arusi kwa dakika chache, akatoka, akasimama karibu na kamba za turubai asiweze kukaa wala kuondoka. Ilipoanza tuliisikia wazi katika spika. Halafu likaingia sinia. Halafu makofi, vigelegele, kitu kama ndoo, na sauti za wanawake wa Mombasa na wenyeji wao wa Kajiado waliokuwa hawajuani asubuhi. Kwa muda mrefu sikuweza kuisikia mashine tena.

"Betri imekwisha," akasema kijana. Akamtuma mtoto akaangalie.

Mtoto alikawia, akarudi mdomo umejaa kaimati. Akasema vitaa bado vinazunguka, ila bibi ameiweka mapajani mwake, na hataki mtu aiguse.

Imo Mombasa sasa, katika kabati la dada yangu, na mkebe wake haujapakwa rangi. Kijana ameanza nyingine ya hatua kumi na sita, ambayo itataka 4017 mbili zilizounganishwa, maana moja haihesabu zaidi ya kumi. Ameniomba mishororo minne ya shairi aipange katika swichi, mizani kwa mizani, vina vikae kwenye "dum". Nimempelekea mitatu. Wa nne bado unanisumbua.